Spika ya Nyuma Kulia

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, Bi Samiha alifungua kasha lake kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Eda ilikuwa imekwisha jana. Alitaka kutoa bangili na wanja, vitu ambavyo mjane havigusi akiwa edani. Bangili zilikuwepo, na wanja pia. Bahasha ya plastiki iliyokuwa chini yake haikuwepo.

Alitia bangili mfukoni. Alifunga kasha, akalifungua tena, akatazama. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na karatasi ya hiba. Marehemu mumewe, Shekhe, aliiandika kwa mkono wake kwamba nyumba hii ya Nguvumali amempa mkewe. Mashahidi wote wawili walikwisha kutangulia mbele ya haki. Mtoto hawakujaaliwa. Saa kumi alasiri ndugu wangekaa kikao cha mirathi, na bila karatasi ile Samiha angebaki na robo ya nyumba. Robo tatu zingekwenda kwa Sabiri, mdogo wake marehemu.

Saa tatu na nusu mwenyekiti wa mtaa, mzee Uweso, alikuwa sebuleni na daftari lake. Sabiri alikaa karibu naye. Walikuwa wameitwa watu wawili, wageni pekee waliofanya kazi ndani wakati wa eda: Lucas, fundi wa muziki, aliyefunga spika za chumba cha sinema, na Beatrisi, binti wa Muheza, aliyezifunika kwa skimu, ile lipu nyeupe laini ya kumalizia ukuta, hata spika zisionekane kabisa.

"Shikamoo, mzee," Beatrisi alisema.

"Marahaba. Kaa hapo."

Bi Samiha alileta chai. Beatrisi alinyoosha mkono wa kushoto kupokea kikombe.

"Binti, kwenu Muheza chai hupokewa hivyo?" mzee Uweso aliuliza.

"Nisamehe, mzee. Ndio mkono unaonilisha."

"Basi usiponijibu vizuri leo, utakulisha huko kituoni."

Beatrisi hakucheka. Alihamisha kikombe mkono wa kulia, chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani.

Mzee Uweso alianza na Lucas. "Ulifanya kazi siku ngapi?"

"Siku tatu. Nilimaliza Jumatatu moja ya mwezi wa pili wa msiba. Jumanne nikaenda Mwera, kuna kanisa tulikuwa tunalifungia vipaza sauti. Nilikaa huko wiki mbili."

"Uliingia chumba cha Bi Samiha?"

"Hapana."

Bi Samiha alikuwa amesimama mlangoni. "Uliingia," alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuwa jikoni. Nilikusikia ukitembea juu ya dari, halafu ukashuka chumbani kwangu."

Lucas alijifuta uso. "Nilipitisha waya tu, mama. Niliogopa kusema. Mwanamume kuingia chumba cha mjane aliye edani, ningeambiwaje?"

"Ungeambiwa mwizi," alisema Sabiri. "Na ndivyo ulivyo. Mwenyekiti, tunangoja nini? Hawa wote wawili waende kituoni."

Mzee Uweso aliandika. Kalamu ilikuwa inakwama, akawa anailamba ncha. Beatrisi alimtazama Sabiri. Mkononi Sabiri alikuwa na rundo la funguo, anazigeuza kama tasbihi.

"Mzee, naomba kuuliza," alisema Beatrisi. "Kasha lina funguo ngapi?"

"Mbili," alijibu Bi Samiha. "Mmoja nimeuvaa shingoni tangu siku ya maziko. Wa pili ulikuwa na funguo za marehemu."

Wote walitazama mkono wa Sabiri. Funguo zilitulia.

"Hospitali walinikabidhi mimi nguo zake na funguo zake," alisema. "Nani mwingine? Mimi ndiye ndugu. Na ziko wazi, mtu yeyote angeweza kuzichukua."

"Kweli," alisema Beatrisi. "Sijasema neno."

Aligeuka kwa Lucas. "Hizi spika za kufukia, nani alizichagua?"

"Marehemu alichagua za wavu. Zinaingia ukutani lakini uso unabaki nje, na ikiharibika unaifungua. Hata mimi nilimshauri hizo. Baada ya msiba Bwana Sabiri akanituma dukani nizibadilishe, nilete hizi za kupakwa juu."

"Chumvi ya bahari inakula wavu," alisema Sabiri. "Miaka miwili tu, kutu."

"Na ulizijaribu kabla sijafukia?" Beatrisi alimuuliza Lucas.

"Hapana. Nilitaka. Bwana Sabiri akasema nyumba ina eda, hapana kuwasha sauti humu."

Mzee Uweso aliinua uso. "Hilo alisema sawa."

"Alisema sawa," Beatrisi alikubali. "Naomba tukauone ukuta."

Saa nne na dakika kumi waliingia chumba cha sinema. Viti sita vilikuwa bado na nailoni zake. Kuta zilikuwa nyeupe tupu, huwezi kujua pana spika tatu mbele na mbili nyuma. Bi Samiha alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Chumba hiki mumewe alikipigia mahesabu mwaka mzima, na yeye alikuwa hajawahi kukalia hata kiti kimoja.

Beatrisi alifunga mapazia. Aliwasha tochi ya simu, akailaza ubavuni mwa ukuta, mwanga ukatambaa juu ya rangi. Ukuta uliokuwa laini ukaonekana una mistari myembamba, kama nywele zilizochanwa.

"Hiyo ni mikwaruzo ya msasa. Rangi haiifichi yote," alisema. "Mimi napiga msasa kwa mkono wa kushoto. Duara zangu zinalalia huku. Tazama mbele, spika zote tatu. Tazama nyuma kushoto."

Mzee Uweso alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Sasa nyuma kulia."

Hapo mistari ilikuwa sawa na ile mingine, isipokuwa eneo moja la upana wa sahani, pembeni mwa spika. Humo duara zililalia upande wa pili.

"Huyu si mimi," alisema Beatrisi. "Kuna mtu aliukata ukuta nilioumaliza, akaziba, akapiga msasa kwa mkono wa kulia."

"Lucas anatumia wa kulia," alisema Sabiri upesi.

"Lucas aliondoka Jumatatu. Mimi nilianza Jumanne, nikamaliza Alhamisi. Kiraka hiki kimekaa juu ya skimu yangu. Na ilikuwa nirudi Jumamosi kupaka rangi. Ijumaa jioni ukanipigia simu, kaka Sabiri. Ukasema nisije, rangi utapaka mwenyewe."

"Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Ulinipunguzia, ndiyo."

Mzee Uweso alifunga daftari. "Ukuta ni mali ya watu, binti. Nikiuvunja pasiwe na kitu?"

"Tusivunje kwanza. Lucas awashe. Kitu kikiwa kimelala nyuma ya spika, kitasema chenyewe."

"Muziki kwenye nyumba ya msiba!" Sabiri alisimama. "Mwenyekiti, utaruhusu?"

"Eda imekwisha jana, bwana. Kaa chini."

Bi Samiha alitoa simu yake. "Si muziki," alisema. "Weka hii. Ni sauti aliyonitumia siku aliyofariki. Sijaisikiliza."

Lucas alichukua simu kwa mikono miwili, akaiunganisha na mtambo. Alianza na spika ya mbele kushoto peke yake. Sauti ya Shekhe ikatoka ukutani, karibu, kana kwamba anaegemea mlango:

"Samiha, bado niko Muheza. Gari limejaa machungwa, sina hata pa kuweka miguu. Usinisubiri, kula. Niwekee tu."

Mzee Uweso alivua kofia. Bi Samiha alitazama ukuta, uso haukubadilika.

Katikati, safi. Mbele kulia, safi. Nyuma kushoto, safi. Mara nne Shekhe alisema awekewe.

Nyuma kulia, sauti ilikuja na mkwaruzo. Kila neno zito lilitetemesha kitu ndani, kama mbawa za mende kwenye gazeti. Beatrisi aliweka kiganja juu ya kiraka. Mkwaruzo ukapungua. Akakiondoa, ukarudi.

"Zima," alisema mzee Uweso. "Vunja."

Beatrisi alitumia ncha ya mwiko. Kiraka kilitoka kipande kimoja. Nyuma yake mlikuwa na sufi ambayo Lucas aliijaza kuzuia mwangwi. Ilimwagika sakafuni, nyeupe, bila mlio. Ndani ya sufi mlikuwa na bahasha ya plastiki.

Mzee Uweso aliifungua, akasoma kwa midomo. Kisha akampa Bi Samiha.

Sabiri alikuwa amekaa. Funguo alikuwa ameziweka kwenye nailoni ya kiti.

"Kwa nini hukuichoma?" aliuliza mzee Uweso. "Ungeichoma tusingekuwa hapa."

"Niliwasha kiberiti mara mbili." Sabiri alizungumza akitazama sufi. "Imeanza kwa Bismillahi. Na mwandiko ni wa kaka. Mkono ukafa. Nikasema basi ukuta uimeze. Nani atavunja spika za bei ile? Na kasha nilijua halifunguliwi mpaka eda iishe, na ikiisha nyumba imeshajaa wageni wa kushukiwa."

"Kwa hiyo ungewafunga hawa watoto?"

"Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua mimi, mzee. Mimi na kaka, miezi saba, mikono imechubuka. Halafu nasikia kampa mkewe yote. Hakuniambia hata neno."

"Alitaka kukuambia," alisema Bi Samiha. "Alinunua viti sita. Nilimuuliza, sisi wawili, sita vya nini? Akasema kimoja cha Sabiri, vingine vya watoto wake."

Sabiri alijifunika uso. Bi Samiha aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani.

Saa tano kasoro dakika tano mzee Uweso alimshika Sabiri mkono, wakatoka pamoja, mbele ya ndugu waliokwisha kuanza kufika. Kikao kingekuwepo, ila maneno yake yangekuwa mengine. Lucas alianza kukusanya sufi. Beatrisi alipiga magoti mbele ya tundu.

"Bi Samiha, nikoroge skimu nizibe sasa hivi, au nije kesho?"

"Ngoja. Lucas, iwashe hiyo ya nyuma kulia."

Usinisubiri, kula. Niwekee tu.

Bi Samiha alisikiliza mpaka mwisho. Bangili zilikuwa bado mfukoni mwake, hakuzivaa.

"Haikwaruzi tena," alisema.

Akamgeukia Beatrisi.

"Ziba."