Picha za Ukuta

Kila asubuhi, kabla ya chai, Shangazi huchomoa simu yake kwenye chaji, huifuta kwa pindo la ovaroli, kisha huitia kwenye mfuko wa plastiki uliowahi kubeba mkate. Shangazi ni fundi bomba, na kazi yake imejaa maji na saruji. Kioo cha simu kina ufa kutoka kona hadi kona.

"Simu janja, mshamba mwenye simu," binti wa kaka yake alinong'ona asubuhi moja akikoroga chai.

Binti huyo alikuwa darasa la sita na aliishi kwa Shangazi. Kwa kuwa hakukuwa na kitufe cha simu asichokijua, Shangazi alimwita Profesa.

Jumatatu mwalimu aliwapa kazi: waandike jinsi watu watatu wa kazi mbalimbali wanavyotumia simu janja. Profesa aliandika kwa furaha. Fundi cherehani wa jirani, aliandika, ana simu ya bei, lakini huwasha tochi yake tu ili atunge uzi kwenye sindano. Dereva wa lori la mchanga hurekodi mngurumo wa injini na kumtumia makanika, kama mama anayempelekea daktari kikohozi cha mtoto. Na Shangazi hupiga picha kuta. "Hana picha ya harusi hata moja," aliandika. "Ana picha mia mbili za mabomba, na kwenye kila picha kuna tepu ya kupimia, utadhani bomba linashonewa suruali."

Chini yake alichora picha moja aliyoiona ya kipuuzi kuliko zote: ukuta wa matofali, dirisha, bomba linalopanda, na tepu iliyonyooshwa kati ya dirisha na bomba, namba zake zikisomeka. Jirani yake wa dawati alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Mwalimu alirudisha daftari na maneno ya wino mwekundu: "Mchoro umeyashinda maneno. Je, ulimuuliza kwa nini anapima?"

Profesa alilifunga daftari. Kuuliza, kwake, kulikuwa kwa wasiojua.

Jumatano jioni aliazima simu ili ajirekodi akicheza muziki na rafiki yake. Simu ikasema imejaa. Profesa akafungua picha za mabomba, akazichagua zote, akazifuta. Kisha akaingia kwenye kapu la vilivyofutwa, akalimwaga nalo. Video ilitoka nzuri.

Jumamosi asubuhi alifuatana na Shangazi hadi zahanati ambako Shangazi alikuwa ameweka mabomba. Chumba kipya cha sindano kilikuwa kimekamilika: mabomba yamefukiwa, lipu imepigwa, vigae vyeupe vinang'aa. Ilibaki kabati la dawa, zito, la kufungwa ukutani juu ya sinki. Seremala alikuwa tayari na drili mkononi, na muuguzi mkuu amesimama mlangoni. Jumatatu watoto wangeanza kuletwa.

"Fundi, niambie bomba limepita wapi," seremala alisema. "Nikilitoboa, vigae vyote hivi vitang'olewa."

"Subiri nikuonyeshe." Shangazi alitoa simu kwenye mfuko wake wa mkate. Akatelezesha kidole. Akarudi nyuma, akatelezesha tena. "Zilikuwa hapa."

Seremala alichungulia, akaona Profesa na rafiki yake wakikata viuno. Akacheka kwa pua. "Ndiyo bomba hilo? Linacheza vizuri."

"Nitakuwa nimebonyeza vibaya," Shangazi alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiyo maana natembea na penseli. Mtu ananunua simu janja, simu inakuwa janja kuliko yeye." Akamgeukia muuguzi. "Sista, huyu fundi mlimtoa wapi?"

Muuguzi alimtazama Shangazi, akasema taratibu, "Kuna jengo la pili linalohitaji mabomba, fundi. Nilitaka kukupa wewe. Sasa sijui."

Profesa aliyatambua maneno ya seremala. Yalikuwa yake mwenyewe, yametoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Shangazi alikuwa bado anatelezesha kidole, akijilaumu kwa kosa asilolifanya. Profesa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Shangazi hakubonyeza vibaya," alisema. "Nilizifuta mimi. Zote. Niliona ni takataka."

Seremala alitua drili chini.

"Lakini moja ninayo," Profesa aliongeza, akilitambua dirisha lililo kando ya sinki. "Ya ukuta huu huu. Nimeichora kwenye daftari."

Alikimbia nyumbani na kurudi akihema. Shangazi alisoma ukurasa ule wote, pamoja na suruali ya bomba na mwandiko mwekundu, bila kubadilika uso. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro.

"Sentimita sitini na mbili kutoka ukingo wa dirisha. Namba hii uliitoa kichwani?"

"Hapana. Niliinakili kama ilivyo. Nilitaka wacheke vizuri, kwa hiyo niliangalia vizuri."

Shangazi alipima sitini na mbili, akamwambia muuguzi afungue maji, akabandika sikio kwenye kigae. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akarudi palepale. "Linapita hapa. Toboa mbali na hapa, kiganja kila upande."

Seremala alitoboa matundu manne. Likatoka vumbi kavu tupu. Akafunga kabati, na alipomaliza aliuliza kama anaweza kupiga picha ya ukurasa ule. Muuguzi alimwambia Shangazi apite ofisini kabla ya kuondoka.

Njiani kurudi nyumbani Profesa aliiomba simu, akaifuta ile video bila kuambiwa. Shangazi alimwona.

"Kusema kwako kumeniokoa," Shangazi alisema. "Hilo nalishukuru. Lakini nisikilize, Profesa. Ukuta ukishafunikwa, mimi nami ni kipofu kama wewe. Zile picha ndiyo macho yangu. Fundi cherehani macho yake yamechoka, tochi ndiyo inamlisha. Makanika anausikia ugonjwa wa injini kabla lori halijafika. Uliona yote hayo na ukaandika vizuri, kisha ukacheka kabla hujauliza. Ukikuta mtu anafanya kazi yake kwa namna usiyoielewa, muulize kwanza. Ukishaelewa na bado inachekesha, basi cheka, na mimi nitacheka nawe."

Wiki chache baadaye, kwenye jengo la pili la zahanati, Shangazi alikuwa ameshaweka mabomba, nayo yalikuwa bado wazi. Alimpa Profesa simu, akanyoosha tepu kwenye matofali.

"Haya, piga. Na namba zionekane."