Nukta Arobaini na Moja

Jamaa zangu, nawasimulia ya mchora ramani mmoja, mtu wa mtaa kama wenu.

Asubuhi ile alikaa kibarazani na mama yake, kompyuta magotini, picha ya makaburi ya zamani imejaa kwenye kioo. Barabara mpya ilikuwa ipite pale, na ofisi ya barabara ilitaka faili ya makaburi yote ili mifupa ihamishwe kwanza. Mengi hayakuwa na alama. Aliyebaki kuyajua ni mama peke yake.

"Hapo kuna mama mkwe wangu," alisema, akigusa kioo.

"Mama, unanichafulia kioo."

"Nilikupangusa kamasi kwa kidole hikihiki."

Wakacheka. Kila alipoonyesha, mwanawe aliweka nukta. Ya arobaini na moja, ya mwisho, mama alikawia.

"Hapa yupo dada yako. Msimwache chini ya magari."

"Hatutamwacha, mama."

Nukta zote zilikuwa kwenye tabaka la muda, kama karatasi angavu iliyowekwa juu ya picha, ambalo programu hulishika mpaka inapofungwa tu, usipolihifadhi kuwa faili. Mkewe akauliza kutoka ndani, "Umehifadhi lakini?"

"Mke wangu, miaka kumi nafanya kazi hii. Nimehifadhi mradi."

Mradi, wenzangu, huweka orodha ya matabaka. Nukta za tabaka la muda hazimo. Alilijua hilo vizuri, hata wengine aliwafundisha. Alipofunga programu, onyo likatokea kwamba tabaka la muda litapotea. Akabonyeza "ndiyo" bila kusoma, kama alivyozoea.

Jumatatu mama alianguka jikoni. Jumatano wakamzika.

Ijumaa, siku ya kupeleka faili, akafungua mradi. Jina la tabaka lilikuwepo. Ndani hamkuwa na nukta hata moja. Akafunga, akafungua tena, akapekua kila folda hadi macho yakamuuma.

"Ziweke kwa kukumbuka," mkewe alimwambia taratibu.

Akaweka kumi na moja. Mkono ukasimama.

"Ya dada ilikuwa kando ya ukuta wa makaburi au kando ya njia?"

"Mimi nilikuwa ndani, baba watoto. Aliyeonyeshwa ni wewe."

Ofisi ya barabara haikumsubiri. "Kaka, siwezi kuchimba kwa kubahatisha," ofisa alisema. Kumi na moja yakahamishwa. Thelathini yakabaki.

Siku ya kumwaga lami alisimama kando, akikagua ardhi hatua kwa hatua. Msimamizi akamsogelea.

"Unatafuta nini, bwana?"

"Dada yangu."

"Anaitwa nani? Nikuulizie kwa wenzangu."

"Alikufa kabla ya kupewa jina."

Msimamizi akavua kofia. Nyuma yake mashine iliendelea kumwaga.

FUNZO

Enyi mafundi mnaojiona mmefika, onyo lisomeni hadi neno la mwisho. Alichowaonyesha mzazi kihifadhini kwenye faili akiwa bado amekaa ubavuni mwenu. Mchora ramani huyu hakukosa ujuzi. Alijivuna nao, akaona kuulizwa ni kudharauliwa, na kwa kiburi hicho akamzika dada yake mara ya pili.