Krapi Hawakutoka Friza

Kufuli lilikuwa limekatwa vipande viwili, na vipande vyote viwili vimepangwa vizuri juu ya mkeka wa mlangoni, kama viatu vya mgeni mwenye adabu.

Inspekta Lurleen Gaddis aliviangalia, kisha akaingia ndani ya banda la gati.

"Kilichoibwa?"

"Taa!" Garland Dabney, mwenye gati, alikuwa mwekundu kama nyanya ya kopo. "Taa zote za mashindano ya uvuvi! Kila mvuvi alileta taa zake jana zikaguliwe, na leo hakuna hata moja. Ziwa zima la Okataba halina taa!"

"Betri?"

"Zipo."

"Injini?"

"Zipo pia."

"Mwizi gani huyo anayeacha injini na kubeba taa?"

"Mpumbavu!"

"Au mtu anayetaka giza," Gaddis alisema.

Ilikuwa Julai, na Mississippi kulikuwa na joto la kumfanya shetani aazime feni. Maji yakichemka hivyo, krapi, samaki mtamu wa ziwa hili, huzama chini na kununa. Mchana hata umwimbie nyimbo za kanisani, hagusi chambo. Usiku tu, ukishusha taa ya kijani ubavuni mwa mashua, wadudu huja, dagaa huwafuata wadudu, na krapi huwafuata dagaa. Bila taa hakuna krapi, na bila krapi hakuna mashindano.

"Na mahali nilishawatafutia," Dabney alilalamika. "Shingo ya Bata. Mashine yangu ya kuona chini ya maji imeonyesha rundo la miti huko, na krapi wamejazana humo kama watu kwenye mazishi ya tajiri. Nimewatangazia wavuvi wote."

"Miti ya nani?"

"Ya ziwa! Aliyeizamisha angeiandika jina."

Gaddis alijua wenyewe huwa hawaandiki. Okataba, Krismasi ikiisha, watu huokota miti ya mapambo iliyotupwa, huisimika kwenye ndoo za zege, huizamisha kisirisiri ili krapi wapate nyumba. Mtu atakuonyesha wosia wake kabla ya kukuonyesha miti yake.

Simu ilimkatiza. Alikuwa Sherifu Hoyt Mabry.

"Rudi ofisini, Lurleen. Mwizi ninaye. Tandy Roebuck."

"Umempata na taa?"

"Nimempata na mdomo. Juzi alisimama mbele ya watu akamwambia Dabney, 'Nitazizima taa zako zote, mbwa wewe!' Na nyumbani kwake kuna mkasi wa kukatia chuma."

"Hoyt, mkasi wa chuma hata pasta anao. Alama za vidole?"

"Wataalamu hawakukuta kitu. Kitasa kimefutwa."

"Tandy hajawahi kufuta kitu maishani, hata miguu."

"Alikuwa nje kwa masharti ya mahakama. Kesi hii ikisimama, anarudi gerezani. Jioni hii gari linampeleka."

"Basi mpaka jioni ni wangu," Gaddis alisema, akakata simu kabla hajakatazwa.

Nyumba iliyokuwa karibu na gati ilikuwa ya Bi Verdell Stokes, mjane wa Alvis. Gaddis alimkuta jikoni, kikaango kinanguruma.

"Wewe mtoto wa Nadine! Umekonda. Serikali haikulishi?"

"Shikamoo, Bi Verdell. Nimekuja kikazi. Usiku wa kuamkia leo hukusikia chochote gatini?"

"Mimi? Nililala mapema kama kuku, mwanangu. Hata kitandani sikugeuka."

"Hukuona mashua? Mwanga?"

"Mwanga wa ndotoni tu. Kaa ule."

Alimwekea sahani ya samaki waliopakwa unga wa mahindi, vitumbua vya mahindi, kitunguu cha siki na chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Gaddis alimega. Nyama ilikuwa nyeupe, tamu, ikiachia mfupa yenyewe. Akamega tena. Alikuwa amekwisha kula samaki mzima alipoacha kutafuna.

"Krapi."

"Ulidhani bata?"

"Watamu kweli. Nani angejua ni wa friza?"

Mwiko ulisimama hewani.

"Wa nini?"

"Wa friza. Si kitu, Bi Verdell, siku hizi kila mtu—"

"Friza? Mgeni wangu nimpe wa friza? Mama yako alikulea vipi wewe? Samaki huyo alikuwa anapiga mkia kwenye beseni langu alfajiri ya leo! Nimempara mwenyewe!"

Kikaango kikaendelea kunguruma peke yake.

"Alfajiri ya leo," Gaddis alirudia polepole. "Julai. Krapi. Na jana usiku ziwa zima halikuwa na taa."

Bi Verdell alizima jiko. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Karabai ya Alvis," alisema. "Niliiwasha nione ninapokwenda. Wakaja, Lurleen. Wakazunguka mashua kama wajukuu. Ungekuwa wewe ungewaacha?"

"Nisingewaacha."

"Basi usinihukumu."

"Nahukumu wizi, si uvuvi. Mkasi?"

"Wa Alvis."

"Taa ziko wapi?"

"Sisemi."

"Tandy Roebuck yuko mahabusu kwa sababu yako. Jioni anapelekwa gerezani."

Uso wa mama yule ulibadilika mara moja.

"Tandy? Aliyebeba jeneza la kaka yangu? Kwa nini hukuanza na hilo, mtoto mjinga wewe! Mpigie Hoyt. Mwambie ni mimi. Kufuli nilikata mimi, taa nimebeba mimi, na kitasa nimefuta kwa aproni yangu hii hapa. Chukua kielelezo chako!"

Aproni ilitua mezani kando ya kielelezo kingine, kilichokuwa kimebaki mifupa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu miti ya Shingo ya Bata ni ya Alvis. Alizamisha mmoja kila Januari tangu tuoane. Wa mwisho niliuzamisha mimi." Sauti yake ilikwaruza, lakini kidevu hakikushuka. "Alvis yumo, Lurleen. Kwenye ndoo. Majivu ya mwili wake niliyachanganya na zege mwenyewe, kwa mwiko. Si mwiko huu, kula tu. Ndivyo alivyotaka, akae na krapi wake. Sasa Dabney alete mashua na nanga na kulabu, wamng'oe mume wangu, wapige naye picha? Nilimwendea kumsihi. Akacheka, akasema ziwa halina wenyewe. Basi nami nikamwonyesha kwamba hata giza lina wenyewe."

"Na taa?"

"Ziko chini kwa Alvis. Aliogopa giza tangu utoto. Wavuvi nitawaokea kila mmoja pai na kuwaomba radhi. Dabney simwokei kitu. Na nitafanya tena, uniandike!"

Gaddis alifuta vidole, akampigia Sherifu.

"Mwachilie Tandy. Mali iliyoibwa iko Shingo ya Bata, chini ya maji. Lifunge eneo lote."

"Lifungwe? Na mashindano?" Nyuma ya Mabry, Dabney alisikika akipiga kelele.

"Ni eneo la tukio, Hoyt. Mtu asishushe nanga wala kulabu mpaka kesi iishe. Na asizame mtu pia. Kuna mabaki ya binadamu. Kwanza kibali cha hakimu."

Akakata simu. Bi Verdell alikuwa amemkazia macho.

"Kesi kama hiyo huchukua muda gani?"

"Mshtakiwa akikiri, asubuhi moja."

"Akikana?"

"Kwa mahakama zetu? Miaka, Bi Verdell. Shingo ya Bata itaota utepe wa polisi."

Mama yule aliwasha jiko upya, akatupa krapi mwingine kwenye mafuta.

"Basi toa kalamu, mwanangu, uandike vizuri. Sikuiba. Na nitaiba tena."