Kunde Puani mwa Muthama

Mumbua alijulikana kijijini Kanyangi kwa kusuka vyondo, vikapu vya mkonge. Mwaka wa 1986, Bilha, mwalimu wa nasari ya kanisa, alimwomba ajitolee kuwafundisha watoto kazi za mikono kila Jumatano. Mumbua alikubali, lakini hakulala vizuri wiki nzima. Yeye alikuwa amelea watoto wawili tu. Hawa walikuwa ishirini na mmoja.

Siku ya kwanza alibeba kunde na uji mzito wa kubandikia. Watoto walipanga kunde juu ya vipande vya katoni, wakatengeneza jua na nyumba. Mumbua aliinama kumsaidia mmoja. Alipoinuka, Muthama, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameshika pua akilia. Kunde moja ilikuwa imeingia ndani.

Mumbua alichomoa pini ya nywele ili aitoe. Mwalimu Bilha akamshika mkono.

"Usichokoe. Utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke zahanati, na apumue kwa mdomo."

Bilha alibaki na wengine, akatuma mtu amwite Kasyoka, mama ya Muthama. Mumbua alimbeba mtoto akitembea upesi, akisikiliza kila pumzi. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia Kasyoka.

Kasyoka alifika zahanati akihema. Hakumsalimu Mumbua. Nesi Kivuva alimulika pua kwa tochi, kisha akamweleza Kasyoka la kufanya: auzibe mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, apulize mara moja. Nesi mwenyewe angebana tundu la pua lililo wazi.

Mara ya kwanza kunde haikutoka. Mara ya pili pia. Mumbua alisimama mlangoni, leso ameikunja mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Mara ya tatu kunde iliruka, ikaanguka sakafuni.

"Nisamehe, Mama Muthama," Mumbua alisema kwa sauti ndogo. "Sitarudi nasari."

Kivuva alimwambia aketi. Alieleza kwamba watoto wadogo hutia vitu puani, masikioni na mdomoni. Kunde ikilowa huvimba, na ikiingia kwenye njia ya hewa mtoto anaweza kufa. Kufundisha si kosa, alisema; kosa ni vifaa. Wadogo wapewe vitu vikubwa visivyoweza kuingia mdomoni: udongo, majani mapana, magunzi ya mahindi. Tena kila kikundi kidogo kiwe na mtu mzima anayekitazama.

Kasyoka alimfuta mwanawe pua, akamgeukia Mumbua.

"Mko wawili tu, wewe na mwalimu," alisema. "Nitakuja mimi. Lakini mbegu sitaki kuziona."

Jumatano iliyofuata wanawake hao wawili na Bilha walileta udongo wa mtoni, wakaondoa kokoto na miiba. Watoto waliketi saba saba, kila mkeka na mama mmoja. Kila mara Mumbua alitazama nyuso, akahesabu vichwa, akatazama tena.

Mpaka mwaka ulipoisha, hakuna mtoto mwingine aliyepelekwa zahanati kwa sababu ya kazi zile.

Jumatano ile ya udongo, Muthama alifinyanga ng'ombe mwenye miguu mitano. Kasyoka alimuuliza mguu wa tano ni wa nini.

"Ni wa kumshika asianguke," Muthama alijibu.

Mumbua akacheka, na Kasyoka akacheka pamoja naye.