Glasi Moja, Midomo Miwili

Hugues Ndayikeza alilala chali katikati ya maboksi ya mvinyo, koo lake likiwa wazi.

Aliyemuua hakuridhika na pigo moja. Kwanza alimpiga kichwani kwa chupa iliyojaa, mfupa wa juu ya sikio ukabonyea. Chupa ilipovunjika, akakizamisha kooni kipande kilichobaki mkononi, kisha akakivuta kwa nguvu. Damu ilikuwa imeruka ukutani, juu ya maboksi, hata kwenye taa ya dari. Sakafuni ilichanganyika na mvinyo. Pinot noir ni mvinyo mwekundu usiokolea, kwa hiyo macho yaliona vizuri kabisa mahali mvinyo ulipoishia na mtu alipoanzia.

Kapteni Nusaiba Dlomo alisimama kwenye mlango wa stoo akatukana kimoyomoyo. Alikuwa amekula miaka mingi katika upelelezi wa mauaji. Alivaa glovu, akaingia.

Ukumbi huo wa Randburg ulikuwa umekodishwa Jumamosi hiyo kwa ajili ya kuonja mvinyo. Pinot noir kutoka mabonde ya baridi ya Rasi, kusini mwa nchi, zililetwa kwa maboksi, na watu wenye nafasi zao wakalipa waje kuzungusha glasi, kunusa, kusukutua na kutema. Kiongozi wao alikuwa huyu Hugues, mkimbizi kutoka Burundi aliyeanza kwa kuosha sahani hotelini akapanda mpaka akawa mwonja mvinyo wa kutajwa redioni. Sasa wageni wake walikuwa nje kwenye maegesho, wamejifunika mablanketi ya wahudumu wa gari la wagonjwa, wakimpigia simu kila wanayemjua.

"Tumeshampata, Kapteni," alisema Sajini Molefe. "Mlinzi. Mkongo. Amekutwa juu ya maiti, damu mpaka viwikoni."

"Yuko wapi?"

Sajini alikohoa kidogo. "Wageni walimfikia kabla yetu."

Thierry Bahati alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, pingu mikononi, jicho moja limefumba kabisa. Meno yake mawili yalikuwa juu ya lami mbele yake. Waliomfanyia hivyo ni mabwana na mabibi wale wale ambao muda mfupi uliopita walikuwa wakishika glasi kwa ncha za vidole. Mmoja wao alikuwa bado na kiti mkononi, na alikishusha polepole Nusaiba alipomkodolea macho.

"Mpelekeni hospitali kwanza," Nusaiba alisema.

"Kanali anataka aende mahabusu."

"Basi daktari amfuate huko huko. Akifa mkononi mwako, Molefe, nitaliandika jina lako kwenye ripoti."

Akarudi stoo. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ameinama juu ya kigoda kilichokuwa pembeni, na juu ya kigoda hicho ilisimama glasi moja, nzima, yenye mvinyo kidogo chini.

"Tazama ukingo wake," mtaalamu alisema. "Midomo miwili. Huku kuna alama ya mafuta ya mgando, ya kupaka. Na huku kuna mdomo mwingine, mkavu. Watu wawili wamenywea glasi hii."

"Vinasaba?"

"Maabara ina foleni. Usinisubiri."

Karibu na kigoda palikuwa na ndoo ya kutemea. Ilikuwa imeoshwa, ikang'aa, na ndani yake mlikuwa na funda moja tu la mvinyo. Nusaiba aliitazama ndoo hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

Mwenye shughuli, Bi. Krige, alikuwa ameketi jikoni.

"Wageni wako huchangia glasi?" Nusaiba alimwuliza.

"Hapana kabisa. Kila mtu ana yake. Ni mwiko."

"Na Hugues?"

"Ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Hata mimi asingeniachia niguse glasi yake."

"Alikuwa amekunywa leo?"

"Hakumeza hata tone. Mwonjaji akimeza, kabla ya mchana pua imekufa. Alitema kila kitu, miaka yote. Nilimtania kwamba hata supu ya mama yake angeitema."

Mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa imezimwa. Kwenye sinki aliinama mwanamke mwembamba mwenye aproni ya plastiki, kitambaa kimefungwa kiganjani. Alikuwa akisugua glasi ambazo hakuna mtu angezihitaji tena.

"Umejikata?" Nusaiba alimwuliza kwa Kiingereza.

"Glasi, Madamu. Kazi hii ni ya kukatwa," mwanamke alijibu, macho sinkini.

Aproni yake ilikuwa imelowa mvinyo tangu asubuhi, sawa na ya kila mfanyakazi siku hiyo. Nusaiba alipita. Baadaye alijilaumu sana kwa kupita kule.

*

Jumapili asubuhi Thierry alikuwa na hali mbaya zaidi. Mahabusu wenzake walisikia Kizulu chake kilivyopinda, wakamwita kwerekwere, tusi la wageni, wakamvunja mbavu. Alikuwa akipumua kwa kuiba.

Kesi za namna hii kituoni zilimwangukia Nusaiba daima. Baba yake alikuwa Mzulu wa Soweto, mama yake mwanamke wa Tanga aliyekuja kuuza vitenge na hakurudi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa mama, kimejaa mapengo, lakini kilifungua midomo ambayo Kiingereza kiliifunga.

"Eish, kaka Thierry. Nieleze tena."

"Mama, mimi sikumuua ule muntu. Nilimukuta bado anakoroma. Damu inatoka kwa shingo. Nikaweka mikono yangu pale nizuie, damu inapita tu katikati ya vidole. Ndiyo yule muzungu mwanamuke akaingia, akapiga kelele."

"Wewe unakunywa mvinyo?"

"Mimi ni shemasi, Mama. Hata bia sigusi."

"Ulikuwa unalinda ile korido ya nyuma. Nani alitoka stoo kabla hujaingia?"

Thierry alitazama mikono yake. Damu ilikuwa bado imeganda kwenye kucha.

"Sikuona muntu."

"Thierry. Kesho wanakupeleka mahakamani. Baada ya hapo ni gereza, na wa gerezani wana njaa kuliko hawa."

"Sikuona muntu, Mama."

Alisema uongo, na alikuwa mwongo mbovu. Nusaiba alitoka akamkuta Kanali Sithebe kwenye ngazi.

"Damu mikononi, nafasi alikuwa nayo, hana karatasi za kuishi nchini," Kanali alisema. "Unatafuta nini tena?"

"Mdomo wa pili, Kanali. Mlevi haoshi ndoo, na mwizi hamkaribishi mtu kinywaji."

"Una siku ya leo tu."

Nusaiba aliendesha gari bila kujua anakwenda wapi. Alikuwa na hasira. Aliwakasirikia wageni wale wa viti, akamkasirikia Kanali, na zaidi mlinzi aliyekubali kufa kwa ajili ya siri isiyo yake. Kwenye robot, taa ya barabarani ikiwa nyekundu, alijipangusa uso, na hapo likamjia jambo alilokuwa amelisahau.

Miaka iliyopita mama yake alimburuta mpaka kwenye posa ya Warundi, huko Yeoville. Mama mwenye nyumba alimletea Fanta, akaifungua mbele yake, akapiga funda yeye kwanza, kisha akampa chupa ile ile. Nusaiba alikunja uso. Mama yake akamfinya pajani. "Kunywa, acha kudeka," alimnong'oneza. "Kwao mwenye kukupa anaonja kwanza, ujue hakukutilia sumu. Ndiyo heshima yenyewe."

Mwonja mvinyo mkali asiyechangia glasi na yeyote alikuwa amechangia glasi. Kuna mtu wa aina moja tu ambaye asingeweza kumkatalia: mtu wa kwao.

Alimpigia Molefe. "Wafanyakazi wa jana. Nani mwingine anatoka Burundi?"

"Mmoja. Mwosha glasi. Spès Nahimana." Zikasikika karatasi zikipekuliwa. "Kapteni, anakaa Bellevue. Nyumba moja na mlinzi."

*

Ilikuwa nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba. Nyuma ya mbao ya kushoto mwanamke alikuwa akilia, kilio cha chini cha mtu aliyeanza jana na bado hajamaliza.

"Ni nani?" Nusaiba aliuliza kwa Kiswahili.

"Arlène. Bibi ya Thierry, mama ya mutoto wake," Spès alijibu. Hakushangaa kumwona, akamsogezea kiti. "Karibu, Madamu. Ikala."

Chumba kilikuwa kisafi. Juu ya meza ndogo palikuwa na kopo la Vaseline, na picha ya kijana mwenye shati jeupe.

"Nina kiu, dada," Nusaiba alisema. "Jua la leo kali."

Spès alitoa chupa ya soda, akamimina glasi kwa mkono uliofungwa kitambaa. Akainua, akanywa funda, akageuza glasi, akampa kwa mikono miwili.

Nusaiba aliipokea, hakunywa. Aliiweka mezani katikati yao. Ukingoni, midomo iliyopakwa Vaseline ilikuwa imeacha alama.

"Kwa nini umeonja kwanza?"

"Kwetu ndiyo heshima. Mugeni asiogope."

"Na Hugues naye ulimwonjea hivyo?"

Kilio cha nyuma ya mbao kiliendelea. Spès alimsikiliza jirani yake, mabega yakashuka.

"Thierry amepigwa sana?"

"Mbavu. Meno. Kesho watammalizia. Alikuona ukitoka, akanyamaza."

"Mwaka jana mutoto wao aliugua, mimi nilimubeba mugongoni mpaka hospitali. Ndiyo maana hasemi." Alijifuta pua. "Mwachilie. Ni mimi."

"Niambie yote. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili. Unajua?"

"Nimenyamaza miaka mingi, Madamu. Imetosha." Aligusa picha. "Huyu ni Gaël, mudogo wangu. Bujumbura, mwaka ule wa maandamano, watu wenye bunduki waliingia katika mutaa wetu. Hawakumujua Gaël. Hugues ndiye aliwaonyesha. Jirani yetu, alikula kwetu. Walimupiga kwa nondo mbele ya mama mpaka uso ukapotea, wakamutupa kwenye gari. Hugues akapanda naye. Hatujapata maiti mpaka leo. Mama anaandaa sahani yake kila siku."

"Ukamkuta hapa."

"Nilipewa kazi ya siku moja, nikaona amesimama pale na suti. Akanitambua. Glasi ikamutoka mukononi. Akanifuata kwenye sinki, analia, anasema, 'Spès, nisamehe. Walisema wataniua nisipoonyesha. Najua mahali Gaël amefukiwa. Nitakuambia, mama yako amuzike.' Akasema nije stoo wakati wa chakula."

"Ukaenda kumwua?"

"Nilikwenda kusamehe." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Niliosha ndoo zote, nikabeba moja, watu wafikiri niko kazini. Kwetu watu hawapatani midomo mikavu. Yeye akafungua chupa mbili, anasema ndizo nzuri kuliko zote. Moja akainusa tu, akaifunga. Ya pili akanimiminia. Nikaonja. Nikameza. Nikamupa glasi kwa mikono miwili, jinsi mama angetaka. Nikasema, 'Kunywa, Hugues. Imekwisha.' Akazungusha glasi. Akanusa. Akatia mudomoni, akafumba macho. Nikaona amani imekuja."

Nusaiba alijua kilichofuata, maana alikiona ndani ya ndoo.

"Akatema," Nusaiba alisema.

"Akainama, akatema kwenye ndoo. Puu. Yale niliyomupa, na damu ya Gaël ndani yake. Sijui niliishika saa ngapi ile chupa iliyojaa. Nilimupiga, akaniangalia kama haelewi. Kiganja changu kilipasuka na sikusikia. Kooni nilimukata ili mudomo ule usiteme tena."

"Alikuwa mwonjaji, Spès. Hiyo ndiyo kazi yake. Alitema siku nzima."

"Ninajua." Alimtazama Nusaiba usoni. "Ni nani aliyekuwa akimwaga zile ndoo tangu asubuhi? Niliona wote wanatema, nikacheka peke yangu. Nilijua. Lakini mukono wangu ulikuwa wa Bujumbura."

Nusaiba alikuwa amehoji wauaji wengi, na wengi wao alitoka akiwachukia. Huyu alimwonea uchungu, na uchungu huo ulimkera. Bado lilimbakia swali moja, na angetoa mshahara wa mwezi asiliulize.

"Gaël. Alikuambia amefukiwa wapi?"

Spès alitikisa kichwa.

"Nilimuuliza nilipoingia tu. Akasema, 'Tunywe kwanza, halafu nitakuambia.'"

Nyuma ya mbao Arlène alikuwa amenyamaza. Pengine alisikia kila neno. Nusaiba alitoa simu, akamwambia Molefe amfungue Thierry sasa hivi na ampeleke hospitali yeye mwenyewe, Kanali akitaka asitake.

Kisha akachukua pingu kiunoni. Spès alinyoosha mikono, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile glasi mezani, ambayo haikuwa imeguswa na mgeni.

"Haina sumu, Madamu," alisema kwa upole.

Nusaiba aliweka pingu chini. Akainua glasi, akaigeuza mpaka penye alama ya midomo ya Spès, akanywa hapo hapo. Soda ilikuwa imepoa gesi, tamu kupita kiasi. Aliimeza yote, akarudisha glasi tupu mezani ionekane, ndipo akamfunga.