Alama ya Fabien Hewani

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima ya Fizi niliporudi nyumbani na batri kichwani. Nilikuwa nimeipeleka sokoni Baraka kuchajiwa, maana jioni ile nilitaka kumaliza kazi aliyoianza kaka yangu Fabien: kuunganisha redio yetu na kompyuta.

Tulikuwa na programu tatu ambazo hazikuelewana. Moja ya kugeuza masafa ya redio, moja ya kusoma ujumbe unaokuja kama miluzi, moja ya kuandika kila kituo tulichokipata. Fabien alitaka zifanye kazi pamoja, zenyewe. Kisha akazama ziwani akitoka Ubwari. Mwili haukupatikana.

Tangu hapo majirani walisema antena yetu ni ya bulozi, uchawi wa usiku, kwamba mimi Arlette ndiye niliyemla kaka yangu kwa ile nguzo. Walitaka niing'oe. Niliwaambia waje waing'oe mimi nikiwa nimesimama chini yake.

Niliunga batri. Programu zikafunguka, moja baada ya nyingine. Miluzi ikaanza.

Herufi zikatokea kwenye kioo cha kompyuta.

Ilikuwa alama ya Fabien, ile aliyojitambulisha nayo hewani. Ilikuwa inaniita mimi.

Sikugusa kitu. Programu ya tatu, ile ya kuandika vituo, ikaandika yenyewe kwamba mimi na yeye tumeshawasiliana.

Harufu ya tope la ziwa ikaingia chumbani... nzito, kama nyavu zilizosahaulika majini.

Mama mdogo Suzanne, ninayeishi naye, akaacha kumenya mihogo.

"Arlette," akanong'ona. "Zima iyo kitu."

"Sizimi, mama."

Ujumbe wa pili ukaja.

FUNGUA MLANGO

Na mlango ukagongwa. Polepole. Kwa kiganja, si kwa vidole.

Mama mdogo akainuka. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni yeye. Mutoto wetu amerudia. Acha nimufungulie."

Nikasimama mbele yake, mgongo ukiegemea mbao za mlango. Zilikuwa baridi, zimelowa. Fabien hakusema "mlango" hata siku moja. Kwetu ni "mulango", na yeye aliandika kama alivyosema.

"We iko nani?" nikauliza.

Kiganja kikagonga tena.

"Kama we ni Fabien, sema jina mama alikuwa anakuitia."

Nje, mtu alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi yenye maji ndani yake.

FUNGUA MLANGO, kioo kikaandika tena.

Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya uliounganisha kompyuta na redio. Kioo kikatulia. Lakini tarakimu za masafa kwenye redio yenyewe ziliendelea kupanda, taratibu, kama kuna mtu anazigeuza.

Nikashika kitufe, nikazirudisha. Zikapanda. Nikazirudisha tena.

"Hii nyumba ni yetu," nikasema. "Hii redio ni yetu. Sitafungua, na sitazima. Rudia kwenye ulitoka."

Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Hatimaye hatua zikasikika zikielekea ziwani, na harufu ikazifuata.

Asubuhi nilikuta waya wa antena umekatwa kwa panga, nyuma ya nyumba. Mama mdogo akakumbuka kusikia panga likigonga nguzo mchana, nilipokuwa sokoni. Alidhani ni mtu anakata kuni.

Basi redio yangu haikuwa na antena jioni ile. Labda mtu alijificha karibu kabisa na nyumba na redio yake ndogo, akijua alama ya kaka yangu. Kwa karibu namna hiyo, hata bila antena ningemsikia. Majirani waliotaka kuniogopesha wapo. Lakini hapa Baraka simjui mwingine mwenye redio ya namna hiyo.

Niliunga waya mchana kweupe, wote wakitazama. Nikaongeza bomba jingine juu ya nguzo, irefuke zaidi. Hakuna aliyesogea.

Jambo moja tu sijamwambia mama mdogo. Programu ile ya ujumbe hupokea herufi kumi na tatu, nafasi ikihesabiwa, basi. "Fungua mlango" inatosha. "Fungua mulango" inazidi kwa herufi moja, na Fabien alilijua hilo kuliko mimi.

Nimelifikiria sana. Hata kama alikuwa yeye, nisingefungua.