Ukuta Usio na Mlango

Jumamosi ile jua liliwaka vizuri katika mtaa wa Heron Bend, kule Florida. Verlene Haskett, jirani yetu, alivuka uwanja wa majani kwenda kwa mdogo wake Dewey, karatasi kwapani. Alimkuta anakula njugu za kuchemsha mbele ya mlango wake mpya.

Masharti ya mtaa, yaani kanuni za ujenzi walizowekeana wenye nyumba, yalikuwa yamekufa kisheria. Huishi miaka thelathini tu, na kamati ya mtaa, ambayo Verlene ni mwenyekiti wake, ilipaswa kuyaandikisha tena kwenye ofisi ya kaunti kabla ya muda kwisha. Hakuna aliyekumbuka. Kila mtu alidhani ni ya milele. Watu walishangilia, wakapaka nyumba rangi walizotaka na kuegesha boti kwenye majani. Dewey alitoboa ukuta wa nyuma, unaotazama bwawa la mtaa, akaweka mlango. Sharti la kwanza kabisa lilisema nyumba yoyote isiwe na mlango unaoelekea bwawani. Sababu haikuandikwa.

"Tia saini, Dewey. Zaidi ya nusu ya wenye nyumba wakikubali, napeleka jimboni ombi la kuyafufua masharti, kisha naandikisha upya. Imebaki saini moja tu."

"Mwenyekiti huyo!" Dewey alicheka. "Utanipimia na urefu wa majani? Kaa hapa, dada, unywe chai baridi, utazame maji."

Verlene alitazama. Upepo ulivuma, miti ikayumba. Maji hayakutikisika.

Juma lililofuata mvua za alasiri zilianza. Dewey alikuja kwa dada yake, kofia mkononi. Hakuketi.

"Kuna mtu anabisha hodi," alinong'ona.

"Mlango upi?"

"Ule."

"Ulimfungulia?"

Dewey alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Alitia saini. Verlene alimsihi alale kwake. Dewey akasema anakwenda kuchukua dawa zake za presha, anarudi sasa hivi.

Hakurudi. Verlene alimfuata. Mlango wa bwawani ulikuwa wazi. Glasi ya chai ilikuwa mezani, barafu haijayeyuka. Nyayo mbichi za mtu mmoja ziliingia kutoka nje. Zilizotoka zilikuwa za wawili.

Polisi walizamia bwawani wasione kitu. Jimbo lilikubali masharti yafufuliwe. Verlene akaandikisha masharti kwa karani wa kaunti, na mafundi wakaziba mlango wa Dewey kwa matofali. Majirani walimshukuru. Yeye alidhani yamekwisha.

Alasiri ya siku mlango ulipozibwa, mvua ilinyesha. Verlene alikuwa sebuleni. Ukuta wake wa nyuma ukagongwa.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Dewey alibisha hivyo tangu utotoni.

"Dada. Fungua. Nalowa."

Sauti ilikuwa yake. Lakini ilitokea chini, karibu na sakafu.

Verlene aliweka kiganja ukutani. Machozi yalimtiririka.

"Hakuna mlango hapa, mdogo wangu," alinong'ona. "Ulitia saini mwenyewe."

Kisha wakabisha wawili kwa pamoja.

Mpaka leo ukuta ule, kwa nje, una doa la maji, juu kiasi cha mahali ambapo kitasa cha mlango kingekuwa. Amelipaka rangi mara tatu. Jua la Agosti linakausha kila kitu pale, ila hilo doa. Ukiligusa ni la vuguvugu, kama mahali ambapo mtu ametoka kuondoa mkono.